Ijue Kaunti Yako: Taita Taveta na Huduma Zake

Wakazi wengi hufika katika ofisi za kaunti kutafuta huduma inayotolewa na serikali ya kitaifa, au huenda kwa chifu kuuliza jambo lililo chini ya kaunti. Safari hizo hugharimu nauli na muda. Makala haya yanaeleza kaunti yetu kwa ufupi, na mahali pa kupata huduma.

Ardhi
Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita mraba 17,084. Takriban asilimia 62 ya eneo hilo iko ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka wa 1948. Sehemu iliyosalia ndiyo yenye makazi, mashamba, ranchi, mashamba makubwa ya mkonge na machimbo ya vito. Milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau hupata mvua zaidi kuliko nyanda za chini, na kilele cha Vuria kina urefu wa zaidi ya mita 2,200. Chemchemi za Mzima, zinazosambaza maji hadi Mombasa, ziko katika kaunti hii.

Historia
Reli ilifika Voi mwishoni mwa miaka ya 1890. Wajerumani waliteka Taveta mnamo Agosti 1914, na mapigano makali yakatokea katika kilima cha Salaita mwaka wa 1916. Reli ya Voi hadi Taveta ilijengwa wakati wa vita hivyo. Serikali ya kaunti ilianza kazi mwaka wa 2013, kufuatia Katiba ya 2010.

Watu
Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671: Voi 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659 na Taita (Wundanyi) 55,959. Idadi ya watu ni miongoni mwa vigezo vya kugawa fedha kwa kaunti. Kila asiyehesabiwa hutupunguzia mgao.

Nani anatoa huduma gani?
Serikali ya kaunti inasimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, usambazaji wa maji, barabara za kaunti, masoko, leseni za biashara na huduma za kilimo nyanjani.

Serikali ya kitaifa inasimamia shule za msingi na za upili, polisi, vitambulisho na barabara kuu.

Wanyamapori pia wako chini ya serikali ya kitaifa. Ndovu wakiharibu shamba lako au mnyama akimjeruhi mtu, ripoti mara moja kwa ofisi ya KWS iliyo karibu. Usisubiri. Madai ya fidia hupitia kamati ya fidia ya wanyamapori ya kaunti, na bila ripoti ni vigumu kuthibitisha hasara.

Sauti yako
Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Kaunti ina wadi 20, na vikao vya maoni ya umma ndipo mahali pa kusema kama kijiji chako kinahitaji kisima, zahanati au daraja. Mwulize mwakilishi wadi au msimamizi wa wadi yako tarehe ya kikao, na uhudhurie.