Rangi Zote Zimo Ndani ya Mbao

Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, jijini New York, kuna chumba kidogo kinachoonekana kama kimezungukwa na makabati. Baadhi ya milango iko nusu wazi. Ndani mna vitabu vilivyolazwa ovyo, ala za muziki, saa ya mchanga na kasuku ndani ya kizimba. Sogea karibu utaona kwamba hakuna kabati, kitabu wala kasuku. Ukuta ni bapa, na vyote hivyo ni maelfu ya vipande vya mjozi, mwaloni, miti ya matunda na mingineyo, vilivyokatwa kimoja kimoja na kupachikwa hadi jicho likakubali kudanganywa.

Chumba hicho kilitengenezwa kwa ajili ya Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, kiwekwe katika kasri lake la Gubbio nchini Italia. Kazi ilianza mnamo mwaka 1478 na ikachukua miaka kadhaa, katika karakana ya ndugu wawili wa Florence, Giuliano na Benedetto da Maiano. Federico alifariki mwaka 1482. Jumba la Metropolitan lilikinunua mwaka 1939. Ninachokistaajabia kuliko vyote ni vivuli vyake. Mafundi walizingatia upande ambao mwanga wa dirisha halisi ungeingilia, wakachagua mbao nyeusi na nyeupe ili kila kivuli ukutani kiangukie upande unaostahili.

Sanaa hii ya kuchora kwa mbao haijafa. Leo wengi wanaoifanya hutumia msumeno wa nakshi, mashine ndogo ya mezani yenye bledi nyembamba sana iliyobanwa juu na chini, inayopanda na kushuka kwa kasi. Bledi hukaa palepale na mbao ndiyo inayozungushwa kwa mikono miwili, kwa hiyo kona kali hukatwa kama unafuata mstari wa penseli. Ukitaka kutoboa katikati ya ubao bila kugusa ukingo, unapiga tundu kwa drili, unafungua bledi, unaipitisha tunduni, kisha unaibana tena na kuendelea.

Lakini mashine ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kabla ya kuiwasha, pale fundi anapogeuza vipande vya mbao mbele ya mwanga akitafuta picha iliyomo ndani yake. Nyuzi za mti zina mwelekeo. Manyoya ya shingo ya jogoo yatakuwa hai pale tu nyuzi zitakaposhuka kama manyoya yanavyoshuka. Zikikatwa kwa mlalo, jogoo atabaki kipande cha ubao chenye umbo la jogoo. Maji hutaka nyuzi za ulalo. Fundo ambalo seremala wa vitanda analikwepa linaweza kuwa jicho la ndege. Huko Marekani, Judy Gale Roberts amejulikana kwa kuunda farasi na ndege kwa namna hii, kila kipande kikipewa unene wake na kusuguliwa kwa msasa mpaka shavu la mnyama litokeze mbele ya shingo. Alijenga sehemu kubwa ya kazi zake juu ya mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini, kwa kuwa mti huo mmoja una rangi kuanzia ya asali hadi ya kahawa.

Wapo wanaotaka picha iliyo bapa kabisa, kama ya Gubbio. Hao wana ufundi mmoja ambao kila anayependa mbao angefurahi kuushuhudia. Hubandika mbao mbili za rangi tofauti, moja juu ya nyingine, huinamisha meza ya msumeno digrii chache tu, kisha hukata zote mbili kwa pamoja. Kwa sababu ya mwinamo, kipande cha ubao wa juu hutoka kipana kidogo kuliko tundu la ubao wa chini. Ukikishusha humo kinabana, na pengo ambalo bledi ingeliacha linazibika. Meza ikiinama kidogo mno, kipande kinapita chini. Ikizidi, kinakwama juu. Na ni lazima uzungukie mchoro kwa upande uleule mwanzo hadi mwisho, maana ukigeuza, mwinamo nao unageuka na hakuna kitakachoingia. Ndiyo maana hakuna fundi makini anayeanza bila kujaribu kwenye kipande cha kutupa.

Kukata tabaka pamoja kulisifika pia Ufaransa. André-Charles Boulle, fundi wa samani wa Mfalme Louis wa 14, alikata gamba la kasa na shaba kwa mpigo mmoja, akapata picha mbili zilizo kinyume: shaba ndani ya gamba, na gamba ndani ya shaba.

Sisi huku tuna nini? Tuna rangi ambazo mafundi wa mbali huzinunua kwa bei kubwa. Mpingo una moyo mweusi wenye wekundu wa zambarau na ganda, yaani mbao ya nje inayozunguka moyo, la njano hafifu. Mninga una kahawia ya dhahabu, mkangazi wekundu mpole, mpodo weupe wa kutosha kwa wingu. Mfenesi ni wa njano. Kutoka Kongo inakuja wenge, kahawia nyeusi yenye mistari kama ya kalamu. Wala kupachika si kugeni pwani: kiti cha enzi cha Lamu na Zanzibar kilipambwa kwa vipande vya pembe au mfupa ndani ya mti mweusi.

Ninaumia nikifikiria masalia. Kiwanda cha zumari kinataka kipande cha mpingo kisicho na ufa, fundo wala ganda, na kinachobaki ni kingi. Mti huo huchukua miongo mingi kukua, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Ila kwa mchora picha, kipande chenye moyo na ganda pamoja ni upeo wa macho uliokwisha kuchorwa, usiku chini na alfajiri juu. Karakana za Keko, Dar es Salaam, nazo zina vipande vya mninga na mkongo visivyofaa hata kwa mguu wa stuli lakini vinavyotosha kwa bawa zima la ndege. Anayekosa mashine aanze na msumeno wa upinde wa mkono. Mafundi wa chumba cha Gubbio hawakuwa na umeme.

Barakoa, hata hivyo, isikosekane. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mninga huwasha pua na kubana kifua cha wengi.

Kuna adui mwingine, naye ni jua. Mvule uliokatwa leo ni wa njano, baadaye unakuwa kahawia. Padauki ya Afrika ya Kati hutoka msumenoni ikiwa nyekundu kama kaa la moto, kisha nayo hufifia kuelekea kahawia, na vanishi huchelewesha tu. Kwa hiyo kabla ya kuipa mbao nafasi ya machweo kwenye picha, kata vipande vidogo vya kila aina, funika nusu ya kila kimoja kwa karatasi nzito, viache dirishani miezi michache, kisha funua. Nusu iliyokaa juani ndiyo uitumie kuchagulia rangi.