Mwenye ufunguo huandikwa na nani?

Masika ya Kyela hayana haraka. Mvua ikishaanza mwezi Machi huweza kunyesha usiku kucha ikaamkia asubuhi, maji ya Mto Mbaka na ya Kiwira yakapanda juu ya mashamba ya mpunga, na njia za Ipinda, Ngonga na Matema zikageuka tope. Milima ya Livingstone hufunikwa na mawingu, ziwa lisionekane. Baada ya swala ya Isha hatoki mtu. Wakati kama huo, nyumba yenye kitabu ni nyumba yenye bahati.

Nilikuwa mwalimu huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika shule ambayo sitaitaja, na kwa kuwa nilijulikana kuwa mpenda kusoma nilikabidhiwa maktaba. Neno hilo lisimdanganye msomaji. Maktaba yenyewe ilikuwa makabati mawili ndani ya chumba cha ghala, vitabu visivyofika 300, daftari moja la kuazimia na ufunguo mmoja. Aliyetaka maktaba kubwa ya umma alipaswa kwenda Mbeya mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100 kupitia Tukuyu, kwa nauli ambayo mwanafunzi hana.

Katika vitabu vyote hivyo, kilichogombewa kuliko vingine kilikuwa riwaya ya upelelezi, *Siri ya Sifuri* ya Muhammed Said Abdulla. Tulikuwa na nakala moja, tena isiyo na jalada. Masika moja nakala hiyo ikatoweka.

Dhana ilimwangukia mvulana wa kidato cha pili, mtoto wa mvuvi wa upande wa Matema. Alikuwa amekiomba kitabu hicho mara tatu. Alionekana amesimama mlangoni mwa ghala jioni ya kuamkia siku ile mafuriko yalipotufungia shule. Tena alikuwa maskini, na ingawa hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, lilihesabiwa. Walimu tulikaa kikao cha dakika zisizozidi kumi, tukakata shauri kwamba alipe kitabu au amlete mzazi. Mimi, Allah anisamehe, niliafiki. Nitarudi kwake.

Kwanza nieleze kwa nini kitabu kama kile kinagombewa, kwani wazazi wengi huniuliza kama ni halali kijana wa Kiislamu kupoteza usiku wake kwa hadithi za wauaji na wezi. Swali si la kipuuzi. Zipo riwaya za upelelezi ambazo mimi mwenyewe nisingeziacha sebuleni. Kuanzia miaka ya 1970 soko letu lilijaa vitabu vya majasusi na bastola, na kinara wao ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia na *Kufa na Kupona* mwaka 1974. Hivyo vina mashabiki wake, na lugha yao ni nyepesi na ya kasi. Lakini pombe, wanawake na risasi ndiyo mboga ya karibu kila ukurasa.

Ipo aina nyingine. Huko Uingereza na Marekani kuna riwaya ambazo tunaweza kuziita za upelelezi wa upole. Ndani yake mauaji hutendeka pembeni, msomaji asioneshwe damu. Hakuna uchafu wa faragha. Mji ni mdogo na watu wake wanajuana. Mpelelezi si polisi wala jasusi. Mara nyingi ni mwanamke wa makamo, mwenye subira na macho makali, ambaye watu humdharau kwa kuwa ni mtulivu. Agatha Christie alimtumia bibi wa namna hiyo, Miss Marple, katika *The Body in the Library* ya mwaka 1942, ambamo maiti inakutwa katika chumba cha vitabu cha nyumba ya watu wenye heshima zao. Maktaba ni uwanja mpendwa wa riwaya hizi. Jo Dereske alimpa kazi hiyo mkutubi, Miss Zukas, kuanzia mwaka 1994, na Jenn McKinlay akafuata na mfululizo wake wa maktabani mwaka 2011. Wasomaji wa vitabu hivi ni wengi, na wengine humaliza kimoja na kuanza kingine siku ileile.

Kwa nini maktaba? Watu husema ni kwa sababu ya ukimya wake, na ni kweli kwamba uovu hushtua zaidi mahali pa amani. Lakini mimi niliyekaa na yale makabati mawili naiona sababu nyingine. Maktaba ni mahali ambapo kila kitu kina mahali pake. Tangu Melvil Dewey alipochapisha mpango wake wa namba mwaka 1876, kitabu katika maktaba nyingi za dunia kina namba yake kama nyumba ilivyo na anwani. Kikihamishwa, nafasi yake inabaki wazi. Kikiazimwa, jina na tarehe vinaandikwa. Kwa hiyo maktaba inatunza ushahidi hata kabla ya kosa kutendeka. Mpelelezi akiingia humo halazimiki kumtesa mtu wala kumtisha. Anafungua daftari na kusoma. Msomaji naye anapewa daftari hilohilo, akakisia pamoja naye, na mwisho akaona vitu vimerudi mahali pake, kisha akalala usingizi.

Kwa Kiswahili upole huo tumeupata kwa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuwa mwandishi wa habari alikuwa bwana afya, kazi ya kuingia katika nyua za watu kwa hodi na kutazama kile ambacho wenyeji wamezoea kutokukiona. Nadhani hapo ndipo mpelelezi wake alipozaliwa. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la *Zanzibari*, na mwaka 1958 akashika uhariri wa *Mkulima*. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Zikafuata nyingine, miongoni mwao *Kisima cha Giningi* mwaka 1968 na hiyo *Siri ya Sifuri* mwaka 1974.

Bwana Msa ni mtu wa kuketi. Anavuta kiko chake (hilo tunamwachia mwenyewe), anasikiliza, anauliza swali dogo ambalo kila mtu anaona halina maana. Pembeni yake yupo Najum, rafiki anayeona yote anayoyaona Bwana Msa na asiambulie kitu. Ni wazi kwamba mwandishi alimsoma Sherlock Holmes, lakini watu wake ni wa Unguja, wenye salamu, utani na aibu za kwetu. Lugha yake ni darasa. Mzazi atakaye mwanawe aandike insha nzuri ampe ukurasa mmoja wa Abdulla kila siku. Nasema hivyo huku nikijua kwamba si riwaya zake zote ni za watoto. *Mke Mmoja Waume Watatu* ningeiweka kwa wakubwa, na *Duniani Kuna Watu* ina mambo ya nasaba yanayohitaji umri.

Baadhi ya wazazi hushtushwa na majina. Mzimu! Giningi, pale panaposemwa kuwa ni makao ya wachawi! Wakafikiri kwamba kijana atafundishwa ushirikina. Mambo yako kinyume. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, anakutwa amekufa mahali pa mizimu ya wazee, na wapo walio tayari kusema kwamba mizimu imelipiza kisasi. Bwana Msa hatosheki na jibu hilo. Anatafuta mkono wa binadamu. Katika nchi ambamo vikongwe wamewahi kutuhumiwa uchawi na hata kuuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia maisha yao yote, kijana aliyezoeshwa kuuliza “umejuaje?” ni faida kwa kijiji chake.

Kuna pingamizi zito zaidi. Sheikh mmoja aliniambia kwamba Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza kupelelezana; itakuwaje tumsifu mpelelezi? Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Aya hiyohiyo inaanza kwa kutuonya juu ya wingi wa dhana, na aya ya 6 ya sura hiyo inatuamrisha kuhakikisha habari tunapoletewa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Kuchungulia siri za watu ni jambo moja. Kuhakikisha, baada ya dhuluma kudaiwa na mtu kunyooshewa kidole, ni jambo jingine, na aya ya 6 inatudai hilo.

Tena mfano tunao katika Surat Yusuf. Kanzu ya kwanza inaletwa kwa Nabii Yaqub (a.s.) ikiwa na damu ya uongo, naye haiamini hadithi ya wanawe. Kanzu ya pili ni ile iliyochanika katika nyumba ya bwana wa Misri. Shahidi wa upande wa mwanamke hasemi “namjua kijana huyu” wala “namjua dada huyu.” Anasema kanzu itazamwe: ikiwa imechanwa kwa mbele, mwanamke kasema kweli, ikiwa kwa nyuma, kijana ndiye mkweli. Kanzu ikatazamwa. Watoto wetu wanaihifadhi sura hii madrasa, na sijui ni wangapi tumewahi kuwaonesha kwamba katika aya tatu, ya 26 hadi ya 28, mtu maskini asiye na ndugu mjini ameokolewa heshima yake kwa namna kitambaa kilivyochanika. Kweli, baadaye alifungwa gerezani, kwa kuwa wenye nguvu wanaweza kuona dalili na bado wasizifuate. Hilo nalo ni la kuzungumza na watoto.

Sasa nirudi shuleni.

Siku nne baada ya kikao chetu, binti mmoja wa darasa la yule mvulana, mwenye shungi jeupe na sauti ndogo, alikuja ghalani. Alikuwa amekwisha kumsoma Bwana Msa wote tuliokuwa naye.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba.”

Aliomba kuliona daftari la kuazimia. Nilimpa, nikidhani anatafuta kitabu. Akalipekua taratibu kuanzia mwanzo, kisha akalitazama kufuli la kabati, ambalo halikuwa limevunjwa wala kukwaruzwa.

“Mwalimu, samahani. Mwanafunzi akiazima, anaandikwa na mwalimu. Mwalimu akiazima je?”

“Anajiandika.”

“Na mwenye ufunguo huandikwa na nani?”

Sikumwelewa. Akasema, akiangalia chini kwa adabu, kwamba jina langu halimo katika daftari hata mara moja, ilhali kila wiki darasani nawasimulia kitabu nilichotoka kukisoma.

Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba aende darasani. Jioni, nikiwa njiani kwenda nyumbani, miguu ikaanza kuwa mizito. Nilikumbuka ile jioni ya kuamkia mafuriko. Nilikuwa nimefunga kabati, nikalifungua tena, nikachukua kitu cha kusomea kwa taa. Usiku ule paa langu lilivuja juu ya meza. Asubuhi nikaamka na homa, nikalala na malaria siku kadhaa, na nilipopona sikukumbuka chochote. Niliinua godoro. Kitabu kilikuwa pale ndani ya mfuko wa nailoni, na tiketi ya basi la Mbeya imewekwa mahali nilipoishia.

Yule mvulana alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala jioni ile kwa sababu alikuja kukiazima, akakuta nimekwisha kufunga.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mzazi kufika. Nilimkuta baba yake langoni kabla ya kengele, amevuka tope lote lile na baiskeli iliyofungwa madebe mawili ya mchele nyuma. Hakuwa na fedha taslimu, kwa hiyo alikuja kulipa kitabu kwa mchele. Nilimweleza yote hapohapo, tukiwa tumesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu. Alisema, “Ndaga, mwalimu,” asante kwa Kinyakyusa, kisha akaomba jambo moja tu: nilisemee palepale mwanawe alipoitwa mwizi.

Mwanawe aliitwa mwizi mstarini, mbele ya shule nzima. Basi nikasimama mstarini asubuhi ileile, mvua ikianza kudondoka, nikasema kitabu kilikuwa wapi na nani aliyekichukua. Baba alikuwa kando, ameshika baiskeli yake. Kisha akaondoka na mchele wake.

Mvulana alikisoma *Siri ya Sifuri* kwa siku mbili, akakirudisha. Binti hakupenda kutajwa, nami sikumtaja. Jioni nilifungua ukurasa mpya wa daftari, nikapiga mstari, na juu kabisa nikaandika jina langu, jina la kitabu, tarehe niliyokichukua na tarehe niliyokirudisha, siku 19 baadaye.