Kilima ao kilema? Koo moja la tenori, nyimbo za namna mbili

Umeme ulikatika katikati ya ubeti wa pili. Ilikuwa arusi ya mwenzetu wa korali, hapa Lubumbashi, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mikro nikiimba wimbo niliotunga mwenyewe. Ni wimbo wa mapenzi wa kawaida tu: gitaa, besi, ngoma za kompyuta, na kijana anayemngojea mpenzi wake juu ya kilima. Gitaa likanyamaza, ngoma zikanyamaza, taa zikazimika. Watu wakaanza kupiga kelele za kulalamika kama tunavyozoea. Sikutaka kuwaacha bwana na bibi arusi hivyo, basi nikafanya kile ambacho korali imenifundisha kwa miaka minne: nikavuta pumzi mpaka chini, nikafungua koo, nikaumaliza wimbo kwa sauti ya kanisani.

Walipiga makofi sana. Lakini nilipokwenda kusalimia wazee, mama mmoja alinishika mkono akauliza kwa upole kabisa: “Mwana wangu, pale juu ulisema kilima ao kilema?”

Meza nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikarudi nyumbani na swali hilo, kwa sababu mimi ni mwanafunzi wa lugha na mama yule alikuwa amenifunga. Wimbo ulikuwa uleule, na kinywa kilikuwa kilekile. Dakika tano mbele yake, kwa mikro, kila mtu alikuwa amesikia “kilima”. Nini kilikuwa kimeigeuza i kuwa e?

Tuanze na noti yenyewe. Silabi “li” ya neno lile niliiweka kwenye la ya juu, ile ambayo nyuzi za sauti hutetemeka mara 440 kwa sekunde. Sasa, kila irabu ina mivumo yake mdomoni, na sikio huitambua kwa mivumo hiyo. Irabu i ina mvumo mmoja wa chini sana, karibu mitetemo 300, na mwingine wa juu, zaidi ya 2000. Ukiimba la, katika sauti yako hakuna kitu chochote chini ya 440. Ule mvumo wa 300 unabaki kama chumba kisicho na mtu. Mwimbaji wa opera hawezi kukubali chumba kitupu, maana anahitaji kila nguvu aliyonayo. Basi anafungua taya na kushusha ulimi kidogo ili mvumo upande kuikuta noti. Sauti inajaa, na i inasogea kuelekea e. Kiswahili kina irabu tano tu. Sikio la Mswahili halina mahali pa kuweka sauti iliyo katikati ya i na e: litaitia upande huu au upande ule. Mama yule aliitia upande wa kilema.

Kwa mikro mambo ni mengine. Ninaweza kuacha ulimi juu na mdomo mwembamba, sauti itoke ndogo kama ya mtu anayenong’ona, mashine itaikuza. Ule mvumo wa pili, wa zaidi ya 2000, unabaki mahali pake, na huo unatosha kumwambia msikilizaji kwamba hii ni i.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema kwamba muziki wa kizungu na muziki wa vijana ni sauti mbili tofauti kwa asili yake. Kinachotofautisha ni umbali. Tenori wa opera anamwimbia mtu aliye mwisho wa jumba, na kati yao kuna orkestra nzima. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha katika miaka ya 1970 jinsi hilo linavyowezekana: nguvu kubwa ya orkestra iko karibu na mitetemo 500, na kuanzia hapo inapungua, mwimbaji aliyefunzwa hukusanya mvumo wa pekee karibu na 3000, mahali ambapo vyombo ni dhaifu. Yeye hashindani na orkestra kwa nguvu, anapita kwenye mlango ulioachwa wazi. Ndiyo sababu sauti hiyo “inang’aa”, na ndiyo sababu pia, ukiisikia karibu na sikio, inachosha.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Rafiki mmoja ana studio ndogo katika chumba cha kaka yake, magodoro ukutani. Mara ya kwanza niliporekodi kwake nilimpa tenori kamili, fua yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua visikilizio, akasema: “Yaya, mikro iko hapa mbele ya pua yako, lakini weye unaimbia mutu wa mulima mwingine.” Tulirekodi upya mara nyingi siku ile. Kuimba polepole bila kulegea ni kazi ngumu kuliko watu wa korali wanavyodhani, na mimi nilikuwa mmoja wa waliodhani hivyo.

Zamani watu hawakuwa na mashaka haya. Caruso, tenori mashuhuri wa Napoli aliyerekodi sahani zake za kwanza huko Milano mwaka 1902, aliimba nyimbo za mitaani za kwao pamoja na opera. Mwaka 1918 alirekodi “Over There”, wimbo wa askari wa Marekani uliokuwa kwenye vinywa vya watu wote, na aliwahi hata kutunga muziki wa nyimbo nyepesi. Mikro za umeme zilipoingia katika kurekodi mwaka 1925, njia ziligawanyika, kwa kuwa sasa mtu mwenye sauti ndogo aliweza kusikika. Kwetu Kongo tumepata faida ya njia hiyo ya pili. Tabu Ley, aliyepanda jukwaa la Olympia la Paris mwaka 1970, alikuwa na sauti ya juu, nyepesi kama karatasi, na mikro ndiyo iliyoifikisha. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, anaimba Kiswahili kama mtu anayekuzungumzia kutoka kiti cha pili. Na siku hizi Serge Kakudji, kontratenori mwenye asili ya Kolwezi, ameweka nyimbo za kale za Ulaya pamoja na magitaa na likembe za Kinshasa katika “Coup fatal” ya mwaka 2014.

Nilimpa maestro wetu mifano hii yote. Hakuipenda. “Koo ni moja, kijana. Chagua,” alisema. Ilikuwa mwezi wa kumi, na alikuwa amenipa solo ya tenori katika “Messiah” ya Handel, ambayo ndiyo sauti ya kwanza ya mtu kusikika katika kazi yote baada ya vyombo kufungua. Nilijibu “Ndiyo, maestro,” kama inavyopaswa, lakini sikuchagua.

Na lazima nikiri kwamba hakuwa amekosa kabisa. Wiki mbili kabla ya hapo niliimba usiku kucha katika sherehe ambapo spika zote zilielekea watu na hakuna hata moja iliyonielekea mimi. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu aliye katika kelele hupandisha sauti bila kutaka. Ndivyo nilivyofanya: kila besi ilipopanda, nami nilipanda. Asubuhi sikuweza hata kumwamkia mama. Maestro aliona kosa la wimbo, mimi naona kosa la spika. Tangu siku ile, kama sijisikii jukwaani, ninanyamaza na kuomba spika igeuzwe. Wapiga vyombo wananiona mwenye maringo.

Upande wa kutunga, Kiswahili kina masharti yake. Katika Kilingala anayetunga anaangalia sauti kupanda na kushuka, kwa sababu moto huweza kuwa mtu, kichwa au moto wenyewe, kadiri unavyotamka. Kiswahili kinakuacha upandishe unavyotaka, lakini mkazo hauchezewi: silabi ya pili kutoka mwisho inataka pigo lake. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa na “barabara” kwenye ubeti wa kwanza (mitaani kwetu tunasema balabala, lakini nilikuwa najionyesha). Pigo lilikaa vizuri kwenye “ba” ya pili. Ubeti wa pili nikaandika “barabarani” juu ya melodia ileile. Mkazo ulihamia “ra”, pigo likabaki nyuma, na neno likachechemea. Sikuelewa tatizo mpaka nilipolihesabu kwa vidole.

Wimbo wa kilima nao niliufungua tena. Ile la ya juu sikuishusha, maana naipenda. Niliihamisha: sasa inaangukia “pa” ya “napanda”, kwa sababu a inakubali kufunguliwa bila kugeuka neno lingine, na “kilima” inafuata ikishuka chini, mahali ambapo i inabaki i hata bila mikro. Nimeijaribu namna zote mbili, kwenye studio ya magodoro na kwenye ukumbi wa mazoezi bila umeme wowote.

“Messiah” tuliimba Desemba. Maestro hakusema kitu, alinipa tu karatasi za Pasaka. Mama yule wa arusi alikuwa benchi la tatu, na nje nilimwimbia wimbo mpya polepole, pale pale mlangoni. Alisema kilima amekisikia vizuri. Anachotaka kujua sasa ni kwa nini msichana wa wimbo huo anachelewa hivyo.