Mama, Usione Haya Kuuliza Habari za Miguu ya Mwanao

Mwezi huu tuzungumze juu ya watoto wanaozaliwa na nyayo zimepinda kuelekea ndani, ulemavu ambao wengi huuita mguu kifundo. Katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja hivi huwa nao. Si laana, wala si kwamba mama alikula kitu kibaya. Nao unatibika. Lakini mtoto mchanga hawezi kujisemea. Asipopata mtu wa kumsemea, atakua nao.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja na mtoto wa miaka mitatu. Mtoto alikanyagia ubavu wa wayo, ngozi ya hapo imekuwa ngumu kama soli ya kandambili. Nilimwuliza mama kwa nini amechelewa. Akasema, "Nilipojifungua niliambiwa atanyooka mwenyewe akianza kutembea. Niliona haya kuuliza tena, nisionekane mjuaji." Nilinyamaza, maana hata mimi nilipokuwa muuguzi kijana niliwahi kumwambia mzazi maneno hayo hayo.

Njia ya tiba inayotumika sasa ilianzishwa na Dk. Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa polepole kwa mikono, kisha hufungwa hogo, na hogo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara nne hadi saba. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, halafu hufungwa hogo la mwisho kwa wiki tatu. Baada ya hapo huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye wakati wa kulala tu mpaka umri wa miaka minne au mitano. Ni vizuri kuanza katika wiki za kwanza. Aliyechelewa naye aletwe, ingawa kazi huwa ngumu zaidi.

Basi, ufanyeje? Kabla hujatoka wodi ya wazazi, mwambie muuguzi, "Naomba tuitazame miguu ya mtoto pamoja." Akikujibu kwamba itanyooka, usigombane naye, mwombe ausukume wayo taratibu mbele yako. Mguu uliojikunja tu tumboni hurudi sawa kwa urahisi. Mguu kifundo hugoma. Ukigoma, omba barua ya rufaa, na uombe jambo hilo liandikwe kwenye kadi ya kliniki ili atakayekupokea alione. Uliza ni hospitali gani, siku gani, na gharama kiasi gani. Nauli ikikushinda, mtafute ofisa ustawi wa jamii umweleze. Kwetu Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata huduma za afya, kwa hiyo huombi fadhila.

Nyumbani nako kuna kazi ya kumsemea. Mtoto akilia usiku, bibi huona huruma akavua vile viatu, na mguu huanza kurudi ulikotoka. Baba ndiye amweleze bibi, tena kwa heshima, asimwachie mama peke yake.

Mtoto akiwa kwenye hogo, tazameni vidole vyake kila siku. Vikiwa vya baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, rudini hospitali mara moja, hata kama siku yenu haijafika. Vidole vikizama ndani, hogo limeteleza, rudini pia.

Yule mama wa mtoto wa miaka mitatu aliona vidole vimevimba baada ya hogo la tano. Alirudi usiku ule ule, akaambiwa asubiri asubuhi, akakataa kuondoka mlangoni. Wenzangu wa zamu walinung'unika kwamba mama huyu ana kelele. Daktari alipokuja na kulikata hogo, alikuta limebana kweli.