Wazee Wanaojinyima Maji kwa Kuuchunga Udhu

Sisi tunaohudumu katika kamati ya msikiti huwaona wazee wetu kwa karibu, na lipo jambo linalotutia wasiwasi. Baadhi yao, tangu adhuhuri hadi isha, hawagusi maji. Ukimkaribisha babu gilasi moja hukataa kwa upole: akinywa, udhu hautakaa. Bibi naye hujinyima nyumbani kwa kuwa choo ki mbali na usiku anachelea kuanguka.

Mkojo ndio unaoisafisha njia yake. Mtu akinywa kidogo kisha akabana haja, bakteria waliopanda kutoka sehemu ya haja kubwa, hasa wale waitwao Escherichia coli, hupata nafasi ya kuzaliana kibofuni. Tezi dume iliyotanuka humzuia mzee asimalize mkojo wote. Bibi naye, homoni zimepungua tangu alipokoma hedhi, na kinga ya sehemu hiyo imedhoofu. Kisukari na mpira wa mkojo huzidisha hatari. Maradhi yakifika kwenye figo au yakaingia damuni, yanaweza kuua.

Kijana atalalamika kuungua anapokojoa. Mtu mzima sana huenda asiseme lolote. Pengine hata homa haionekani. Ghafla anaweweseka, hawatambui wanawe, hali chakula. Hapo wengine husema ni uzee, wengine jini. Hatupingi mgonjwa kusomewa ruqya. Tunachopinga ni kumsomea siku tatu bila kumfikisha hospitali, ilhali kuchanganyikiwa kwa ghafla kwaweza kutokana na maambukizi, sukari kushuka, kiharusi au upungufu wa maji, na yote hayo hayangoji.

Lakini tusikimbilie duka la dawa. Wazee wengi wana bakteria katika mkojo bila dalili yoyote, na kwa kawaida madaktari hawawapi antibayotiki kwa hilo pekee. Vidonge vya kubahatisha, tena nusu dozi, huwafanya bakteria kuwa sugu. Mkojo ukaoteshwe maabara ndipo ijulikane dawa ipi inafaa.

Turudi kwenye udhu. Kuswali huku umebana haja ni makuruhu. Kwenda chooni na kutawadha upya si aibu. Ama yule ambaye mkojo humtoka bila kukatika, mafakihi wa Kishafi wamemwekea njia: ajisafishe, ajifunge kitambaa au pedi, atawadhe baada ya wakati wa swala kuingia, kisha aswali faradhi yake bila kuchelewa. Kinachomtoka baada ya hapo hakiiharibu swala yake.

Vijana wa nyumba wamwekee bibi taa njiani na maji karibu na kitanda, wala wasimwache aone haya kuomba kushikwa mkono. Mwenye maradhi ya moyo au figo amwulize daktari wake kwanza anywe kiasi gani.