Je, Wajua? Kidonda cha moto kisichouma ndicho cha kuogopwa

Kuungua kunakokutoa machozi si lazima ndiko kubaya zaidi. Joto likipenya ngozi yote huua na mishipa ya fahamu. Pahali hapo hugeuka peupe au pakakauka kama ngozi ya ngoma, na mgonjwa hasikii kitu. Huyo ndiye wa kukimbizwa hospitali.

Wala si lazima pawe na moto. Maji ya nyuzijoto 60, ambayo hata hayajaanza kutokota, huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5; ya mtoto ni nyembamba, huungua upesi zaidi. Sasa fikiria sufuria ya uji imeepuliwa, ikawekwa sakafuni, na kuna mtoto anayetambaa.

Aliyeungua mwagilie maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Hata mkichelewa, ndani ya saa 3 za mwanzo bado yanasaidia. Mvue pete na bangili kabla hajavimba, ila nguo iliyogandia usiibandue. Barafu, hapana. Na ile dawa ya meno inayosifiwa mitaani? Haitibu kitu, na hospitalini watalazimika kuisafisha itoke, juu ya kidonda kibichi.