Chuma Usichokijua Usikigonge

Mvua ikisha kuyaosha mashamba ya Nakivale, jembe hugonga vitu ambavyo hata wazee hawavijui majina. Wako pia wanaovitafuta kwa mashine za kutambua metali, wakawauzie wanunuzi wa vyuma chakavu wa Ruharo na kwingineko Mbarara. Tumeona ni wajibu wetu kueleza namna ya kuvitofautisha.

Vingine ni vya reli. Reli haikufika Mbarara. Njia ya Kampala hadi Kasese, iliyokamilika mwaka 1956, hupita kaskazini yetu. Lakini chuma chakavu husafiri. Msumari mnene wenye kichwa kilichojitokeza upande mmoja ulishikilia reli kwenye mataruma ya mbao. Herufi K.U.R. ni za Reli ya Kenya na Uganda; E.A.R. ni za Reli ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Vitu hivyo havilipuki, ingawa kuving'oa njiani ni uhalifu.

Kimoja tu ni cha kuogopwa: kikopo bapa cha mviringo, mfano wa kopo la rangi ya viatu, chenye vishikizo laini vya kukifungia relini. Hicho ni fataki ya reli, na ndani mna baruti. Gurudumu likikikanyaga hulipuka, dereva akajua kwamba mbele pana hatari. Nyundo nayo huweza kufanya kazi ya gurudumu.

Vingine ni vya vita. Majeshi ya Tanzania yaliingia Mbarara Februari 1979, na mabomu yasiyolipuka huweza kukaa ardhini miaka mingi. Kombora la mota lina umbo la chupa nene na mkia wenye mapezi. Bomu la mkono hutoshea kiganjani. Kutu si dalili kwamba limekufa.

Ukikuta kitu cha namna hiyo, usikiguse, usikichimbue, usikitupe motoni. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali, wazuie watoto. Kisha mwarifu mwenyekiti wa LC1, ofisi ya mkuu wa makazi au kituo cha polisi, au piga simu 999 au 112.

Twajua wapo wanaonyamaza kwa kuhofia kuulizwa walikipata wapi. Aliyekuta bomu shambani akatuarifu hana kosa, awe mwenyeji au mkimbizi. Nasi wazazi tukumbuke: bei ya kilo ya shaba haifidii mkono wa mtoto.